London Hadi New York: Mbona Ndege Haifuati Njia ya Jana?

Ukibahatika kupanda ndege ya kutoka London kwenda New York, itazame ile ramani iliyo kwenye skrini mbele ya kiti chako. Huenda ukaona ndege ikielekea kaskazini hadi karibu na Greenland, kisha iteremke kupitia Canada. Jamaa yako aliyesafiri wiki jana naye atakuapia kwamba yake ilipita kusini zaidi, maji matupu kila upande. Nyote wawili mnasema kweli.

Kwanza, ramani ya ukutani isikudanganye. Dunia ni mviringo. Chukua chungwa, utie alama mbili upande wa juu, kisha uvute uzi baina yake. Utaona uzi ukipanda kaskazini kabla ya kushuka. Hiyo ndiyo njia fupi, kilomita 5,500 hivi. Lakini rubani hatafuti njia fupi, anatafuta ya haraka, na hapo mwamuzi ni upepo.

Yapata kilomita kumi juu ya Atlantiki huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, mithili ya mto wa angani. Mto huu hautulii. Leo uko kaskazini, kesho umeshuka kusini. Ndege ya kwenda New York huukwepa, ya kurudi London hujitosa ndani isukumwe. Mabaharia waliokuja Lamu na Mombasa kwa kaskazi na kurejea Uarabuni kwa kusi wangeyaelewa haya bila kufunzwa.

Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Kwa kawaida safari hiyo huchukua zaidi ya saa sita. Hata Kenya Airways ilipoanza safari za moja kwa moja za Nairobi hadi New York, Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 za kwenda na 14 za kurudi.

Je, nani huchora njia hizo? Za kwenda Marekani mchana huchorwa na wataalamu walioko Prestwick, Scotland. Za kurudi Ulaya usiku huchorwa na wenzao wa Gander, Canada. Kila siku huchorwa upya, kwa kufuata utabiri wa hali ya hewa.

Ila kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko mafuta yanayookolewa. Ndege ya injini mbili hairuhusiwi kwenda popote ipendapo. Injini moja ikizimika, lazima iweze kufika uwanja wa karibu kwa ile iliyosalia, katika muda uliowekwa. Ndiyo sababu Shannon nchini Ireland, Keflavik nchini Iceland, visiwa vya Azores na Gander huhesabiwa kabla ndege haijang'oa nanga.

Gander ni mji wa watu wasiozidi 12,000 hivi. Mnamo Septemba 11, 2001, Marekani ilipofunga anga yake baada ya mashambulizi, ndege 38 zilitua hapo zikiwa na watu zaidi ya 6,500, abiria pamoja na wahudumu wa ndege. Walilazwa mashuleni na makanisani, wenyeji wakawapikia. Madereva wa mabasi ya shule walikuwa kwenye mgomo. Waliuacha, wakashika usukani kuwabeba wageni.