Pikipiki iliyokunywa hewa kwenye njia ya Tenke

Mwezi huu tutembee pamoja kwenye njia ya kutoka Likasi mpaka Tenke. Wengi wenu munaijua. Lakini mimi niliipita juu ya pikipiki yenye ugonjwa wa ndani. Ningependa kusema kama sikujua. Kusema kweli, alama ziliniambia, nami nikafunga macho. Ninawaandikia haya juu pikipiki ya namna ile inaweza kuwa nyumbani kwako, na siku moja utapandisha mutu nyuma yako.

Safari yenyewe

Binti mmoja wa kanisa letu alikuwa anamaliza masomo ya sekondari kule Likasi. Mama yake akagonjwa Tenke, naye akaenda kumuangalia. Egzameni ya Serikali ilikuwa ianze siku ya kazi moja asubuhi. Siku ya posho akanipigia simu: «Baba Pasta, treni hakuna, na feza ya gari sina. Nitafanya namna gani?» Nikamujibu: «Mwanangu, nakuja kukukamata.»

Pikipiki yetu ni ya zamani, ya Kijapani, yenye moteri ya mapigo mawili. Leo vijana wa taksi wanapanda zaidi zile za mapigo mane kutoka China na India. Lakini kwenye misioni na dispensari, zile za mapigo mawili zingali ziko, juu ni nyepesi na zinapanda mulima vizuri. Inaomba tu uchanganye mafuta ya moteri ndani ya esansi, kama kitabu chake kinavyosema.

Nilitoka Likasi kwa baridi ya asubuhi. Ilikuwa wakati wa jua kali na vumbi, majani yote kando ya njia yamekuwa mekundu. Makamio marefu ya shaba na kobalti yalikuwa yanashuka kwenda Kasumbalesa, na kila moja linaacha wingu nyuma yake. Mbele ya kufika upande wa Kambove kuna mashuko. Nikafunga gaji ili moteri itulie. Haikutulia. Iliendelea kulia kwa nguvu kama mutu wa hasira, kisha ikashuka, kisha ikapanda tena peke yake.

Hapo ndipo nilikosa mara ya kwanza. Nilisimama, nikakamata turnevisi, nikapunguza vise ya relanti kwenye karbirateri. Sauti ikatulia. Nikafurahi, nikasema: «Imepona.» Ndugu, haikupona. Nilikuwa nimeziba kinywa cha mugonjwa ili asilalamike.

Vilima vya Fungurume

Ukikaribia Fungurume, utaona jambo la kushangaza. Kila upande ni pori la miti, lakini vilima fulani viko na majani mafupi tu na maua madogo, miti hakuna. Si watu walioikata. Shaba na kobalti ni mingi mule ndani ya udongo, na miti mikubwa haiwezi kuvumilia sumu yake. Wazee wetu waliochimba shaba mbele ya wazungu kufika walijua kusoma vilima vile. Kutoka mbali walisema: chini ya kilima hiki kuna kitu.

Pale sokoni nilikutana na kijana anayetengeneza pikipiki chini ya muti. Akatoa bujie ya pikipiki yangu, akaishika kwenye mwanga. Bujie ya moteri nzima inakuwa na rangi ya kahawa. Yangu ilikuwa nyeupe sawa chaki. Akasema: «Pasta, hii moteri iko nakunywa hewa. Usiende nayo mbali.» Nikamujibu kama sina wakati. Hiyo ni mara ya pili.

Nikafika Tenke, pale njia ya reli inapogawanyika, moja kwenda Kolwezi na Dilolo, ingine kwenda Bukama na Kamina. Mama alikuwa amepata nguvu kidogo. Akanishika mikono miwili, akasema: «Pasta, naacha mutoto mu mikono yako.» Neno lile lingali linanichoma.

Siku ya Yenga, nyuma ya ibada, tukatoka, binti nyuma na mufuko wake wa vitabu. Tulipita Fungurume bila kusimama. Mbele, kwenye mapando marefu, moteri ikapoteza nguvu, ikatoa sauti ya chuma kinachosagana, na mara moja gurudumu la nyuma likakaza. Mukono wangu ukavuta ambreyaji, na ni hiyo iliyotuokoa, juu gurudumu liliachiliwa. Tulianguka kwenye vumbi pembeni, goti la binti likachubuka. Kamio lililotufuata lilipita karibu sana. Nikakaa chini, miguu inatetemeka.

Jua lilikuwa linashuka. Kamio ya makala ikasimama. Dereva alikuwa na pahali pamoja tu, juu ya mifuko. Binti akapanda pamoja na mama mumoja muchuuzi, akashika vitabu kwenye kifua, wakaenda. Mimi nikasukuma pikipiki mpaka kijiji cha mbele, na usiku kucha sikusinzia, nikijiuliza kama amefika.

Papa Fundi na chombo cha dispensari

Asubuhi wakanionyesha muzee mumoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye gareji za migodi. Nikamusalimia: «Jambo, Papa Fundi.» Hakugusa karbirateri. Aliniuliza kwanza: «Gaji ukiifunga, moteri ilikuwa natulia?» Nikamwambia yote, hata habari ya vise. Akatikisa kichwa: «Pasta, uliponyesha sauti. Ugonjwa ukauacha.»

Kisha akanieleza, nami nawaeleza ninyi. Kwenye moteri ya mapigo mawili, esansi na hewa havipiti moja kwa moja juu ya pistoni. Vinaingia kwanza chini, ndani ya chumba cha vilebreke, ule mutaimbo muzito unaozunguka. Pistoni ikipanda, chumba kile kinavuta. Pistoni ikishuka, kinasukuma. Basi inaomba chumba kifungwe kabisa. Lakini mutaimbo lazima utokeze pande mbili: upande mumoja kwenye volani inayofanya moto wa bujie, upande mwingine kwenye ambreyaji. Kila upande kuna pete ya mupira yenye kamba ndogo ya chuma ndani, inayokumbatia mutaimbo ili hewa isipite. Mafundi wanaita jointi-spi. Mupira ule ukizeeka, au ukikauka kwa joto, au ukiliwa na vumbi, pete haikumbatii tena.

Nikasema: «Lakini, Papa, chini hakukuwa hata tone la mafuta.» Akacheka. Akanionyesha kama mafuta yanayodondoka chini, kwa mufano pale mutaimbo wa kiki au wa vitesi unapotokea, yanachafua, na inaomba kuyatengeneza mbele vitesi havijakauka. Lakini hayo unayaona. Pete za vilebreke zinavujia ndani. Uvujaji ule haudondoki. Unaua bila kuonekana.

Alama za kila upande

Shika vizuri hapa, kijana, juu pete mbili zinagonjwa namna mbili.

Pete ya upande wa volani ikiharibika, moteri inavuta hewa kavu. Esansi inakuwa kidogo, na mafuta ya kulainisha yanayokuja pamoja nayo yanakuwa kidogo vilevile. Moteri inapanda na kushuka peke yake kwenye relanti, inakawia kutulia ukifunga gaji, inapata joto sana, bujie inakuwa nyeupe. Ukifungua kifuniko cha volani unaweza kukuta unyevu wa mafuta na vumbi lililoshikamana. Mwisho, pistoni inakwama. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu.

Pete ya upande wa ambreyaji ikiharibika, moteri inavuta mafuta ya vitesi. Moshi mweupe au wa bluu unatoka mingi, hata moteri ikiisha kupata joto. Bujie inakuwa nyeusi yenye mafuta. Ukipima mafuta ya vitesi, yamepunguka, na chini hakuna tone. Pengine ni kinyume: esansi inasukumwa upande wa vitesi, na mafuta yake yananuka esansi.

Lakini usikimbilie pete. Angalia kwanza kamba ya gaji kama haikwami, karbirateri kama haina uchafu, filtri ya hewa kama imekaa vizuri, na mupira unaounga karbirateri na moteri kama haukupasuka. Esansi ya kadhafi wa barabarani nayo inaweza kukudanganya. Wengine wanamwaga esansi juu ya moteri inayozunguka ili wasikie kama sauti inabadilika. Usifanye vile hata siku moja. Moteri ni ya moto, nawe utaungua.

Kupima bila kubahatisha

Papa Fundi alituma mutoto kwa muforomo wa dispensari amuombe chombo cha zamani cha kupima damu, kile chenye saa na mupira wa kufinya. Hiki ndicho alichofanya, moteri ikiwa baridi.

Alitoa bomba la moshi, akaziba tundu lake kwa kipande cha mupira wa kinga na ubao uliokazwa. Akaziba vilevile pahali pa karbirateri. Kama pikipiki yako iko na pompi ya peke yake ya mafuta, tiyo yake nayo ifungwe. Alishusha pistoni mpaka chini ili juu na chini viwe chumba kimoja. Kwenye tundu la bujie akakaza bujie ya zamani aliyoitoa udongo wake mweupe wa ndani, akaunga tiyo ya chombo.

Akafinya pole pole mpaka saa ikaonyesha 250. Usipitishe 300, unaweza kusukuma pete zitoke pahali pake. Moteri nzima inashika pumuzi ile, na kama inashuka, isipite alama 50 kwa dakika moja. Yangu ilianguka mpaka sifuri mbele sijahesabu kumi.

Sasa alitafuta pahali. Alipaka maji ya sabuni chini ya silinda, kwenye vifungo vyote, kisha akatoa volani na kupaka kwenye pete. Pale nyuma ya volani povu likapanda kama maziwa kwenye moto. Kwa upande wa ambreyaji hauwezi kuona pete. Pale alipaka sabuni juu ya tundu la kutilia mafuta ya vitesi. Povu likivimba, pete ile ndiyo inapitisha. Halikuvimba.

Alinionyesha jambo lingine moja. Pete inaweza kushika ukisukuma, lakini ikapitisha ukivuta. Kwa hiyo, nyuma ya kutengeneza, alikamata pompi ya kinga, akageuza ngozi yake ya ndani ili ivute pahali pa kusukuma, akapima mara ya pili.

Kutengeneza

Pistoni yangu ilikwama kidogo tu. Baridi iliiachilia, alama zake zikasafishwa. Si kila mutu anapata bahati hiyo. Pete mupya tulituma Likasi. Vipimo vyake vimeandikwa juu ya pete ya zamani kwa milimeta: upana wa ndani, wa inje, na unene. Volani inatolewa kwa chombo chake cha kuvutia, si kwa nyundo. Pete inaingizwa sawasawa, upande wenye kamba ya chuma ukiangalia ndani ya moteri, na mudomo wake unapakwa grisi. Lakini mbele ya yote shika mutaimbo, uutikise juu na chini. Ukicheza, rulema imekwisha, na pete mupya haitadumu. Inaomba kufungua moteri yote. Ni gali, lakini kuficha ni gali zaidi.

Na kama siku moja moteri inalia na kukataa kuzimika, vuta startere. Kama haitoshi, tia vitesi ya juu, shika freni kwa nguvu, kisha achilia ambreyaji.

Siku ya tano nilirudi Likasi, moteri inatulia kama mutoto aliyelala. Nilikwenda kwanza kwa binti. Alikuwa amefika usiku ule, akaoga makala, na asubuhi aliandika egzameni yake na wenzake. Nikamuomba masamaha, nikamweleza habari ya vise na ya yule kijana wa Fungurume. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Baba Pasta, kumbe ulijua.» Sikuwa na jibu.

Basi, ndugu musomaji, kesho asubuhi mbele ya kupandisha mutoto au mama nyuma yako, toa bujie, uiangalie kwenye mwanga. Ikiwa nyeupe, acha turnevisi chini, na wewe pia ubaki nyumbani mpaka fundi aone.