Waifai ya mama jirani

Hii nimechelewa kuiandika kwa sababu ya aibu, lakini wacha niseme tu.

Hapa Nakivale, upande wetu wa Base Camp, nyumba zenye waifai yao unaweza kuzihesabu kwa vidole. Wengi tunanunua bando dogo la siku kwenye simu, likiisha tunalala. Mama jirani yeye ana ruta. Mtoto wake wa kwanza alihamishiwa Marekani, na alipopata kazi akatuma pesa, akaniomba mimi niinunue ile ya kuwekea laini, niifunge, nimfundishe mama kuitumia. Alinichagua kwa sababu najitolea kufundisha kompyuta kwenye kituo cha vijana. Tangu siku hiyo mama akawa ananiita "fundi". Nililipenda hilo jina, siwezi kudanganya.

Kazi ya ile ruta ni moja. Kila Jumamosi saa moja ya jioni, huko Marekani bado asubuhi, mama anapiga video. Mjukuu amezaliwa mwaka huu. Mama hajawahi kumshika, anamjua kwa kioo cha simu tu.

Sasa Jumamosi tatu mfululizo video ikawa inaganda. Mama anamuimbia mtoto, halafu kule wanasema, "Mama, umeganda, hatukusikii." Cha ajabu, sisi tulikuwa tunawaona wao vizuri kiasi. Mara ya tatu mama akaweka simu chini, akasema, "Huyu mtoto atanijua kama picha ya ukutani." Akamwambia kijana wake asitume tena pesa ya bando, eti anazipoteza bure.

Mimi nilijibu haraka sana: "Mama, ni kampuni ya simu. Mtandao wa huku ndivyo ulivyo." Ninyi wenyewe mnajua hiyo sentensi, tunaitumia kwa kila kitu hapa kambini.

Halafu ili nionekane nimefanya kazi, nikachukua pini, nikabonyeza kile kitundu cha nyuma ya ruta. Ndugu zangu, msifanye hivyo mkiwa na haraka. Ukishikilia pale sekunde kama kumi ruta inasahau kila kitu: jina la waifai, paswadi, na ile mipangilio ya kampuni ya kuiingiza kwenye intaneti, inayoitwa APN. Sikuwa nimeandika hata kimoja. Nilikaa mpaka usiku natafuta APN kwa bando langu mwenyewe. Mwisho nikarudisha jina lilelile na paswadi ileile ya zamani, ili simu ya mama iingie yenyewe bila kusumbuka. Nikajiona mjanja.

Jumamosi iliyofuata bado inaganda.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu ninachowafundisha wengine kituoni. Waifai ni safari mbili. Ya kwanza ni kutoka kwenye simu yako mpaka kwenye ruta. Ya pili ni kutoka kwenye ruta mpaka kwenye mnara wa kampuni na intaneti yenyewe. Simu inaweza kuonyesha waifai imejaa kabisa na intaneti hakuna, kwa sababu ile alama inapima safari ya kwanza tu. Basi jua kwanza ni safari ipi iliyokatika.

Nikaanza na umeme, maana tunatumia sola na betri ikichoka jioni ruta inazima na kuwaka yenyewe. Taa ilikuwa imetulia. Nikaangalia ilipowekwa. Mama alikuwa ameificha chini ya kabati la bati, nyuma ya sufuria, akiogopa wezi. Chuma kinadhoofisha mawimbi sana. Nikaihamishia dirishani upande wa mnara, alama ya mtandao kwenye ruta ikapanda kutoka moja hadi tatu. Asubuhi nikajaribu video, safi kabisa. Saa kumi na mbili na nusu jioni nikajaribu tena, ikaganda. Mnara ni uleule na dirisha ni lilelile, kwa hiyo kuna kitu kinachokuja jioni.

Chini ya ruta nyingi kuna anwani ya namba. Yangu ilianza na 192.168. Ukiiandika kwenye kivinjari ukiwa umeunganishwa, inakufungulia ukurasa wa ruta yenyewe, na ndani kuna orodha ya simu zote zilizoingia. Nyumba ya mama ina simu mbili. Nilihesabu nane. Moja ilikuwa na jina la utani ambalo tunalitumia nyumbani kwetu peke yake. Ni mdogo wangu.

Nikakumbuka. Siku ya kufunga ruta niliingiza paswadi kwenye simu yake, nijaribu tu kama inakubali, na sikuifuta. Siku hizi huhitaji hata kumtajia mtu paswadi, mwenzako anapiga picha ile alama ya mraba kwenye simu yako na ameingia. Mmoja akampa mwingine. Jioni walikuwa wanakaa nyuma ya jiko la mama, nilikuwa nawapita na kuwasalimia!

Na hata asiyeangalia chochote alikuwa anakula mtandao. Simu ikishika waifai inadhani ni ya bure, basi inaweza kuanza kupandisha picha na video zote za wiki nzima. Kwenye laini za simu njia ya kupandisha mara nyingi ni nyembamba kuliko ya kushusha. Ndiyo maana sisi tuliwaona wao, lakini sura ya mama haikufika.

Nilianza kuwafungia mmoja mmoja, lakini simu za sasa zinaweza kubadilisha namba yao ya utambulisho, unamfunga leo kesho anaweza kurudi. Dawa ni paswadi mpya. Nilikuwa nimeshaandika nusu, na nilipanga kusema "mama, nimetengeneza" na kwenda zangu. Mama akaingia, akafungua fundo la kitenge, akatoa noti anipe ya soda.

Sikuweza kuipokea. Nikamwambia yote, mdogo wangu, paswadi, na kwamba kampuni niliisingizia.

Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo mimi nimemzuia mwanangu asinitumie, kumbe mwizi nilimfungulia mlango mwenyewe nikamwita fundi." Akarudisha noti kwenye fundo.

Paswadi mpya aliiandika yeye, mimi nikiwa nimegeuka ukutani. Mdogo wangu nilimpeleka akaomba msamaha. Akitaka kusoma notisi zake za shule sasa anabisha hodi, na mama anamwingizia kwa mkono wake, akimaliza anafuta. Mimi siku hizi ananiita kwa jina langu.

Jumamosi hii alinituma nije nikae karibu, kama itasumbua. Video ilikaa dakika arobaini. Katikati mjukuu akainyakua simu ya baba yake akaitia mdomoni, tukabaki na giza na pumzi zake tu. Nikanyoosha mkono nikate nipige upya. Mama akanipiga kofi la mkono. "Acha," akasema, "anaongea."