Kipimo Kabla ya Hukumu

Watu wengi huona hukumu kuwa kazi nyepesi na kipimo kuwa kazi nzito. Kwa hiyo hukumu hutangulia, na kipimo hufuata nyuma kikichechemea. Ufundi wa umeme, ambao ndio riziki yangu katika nchi iliyo kati ya Bungoma na Kitale, umenifundisha kuwa utaratibu huu ukigeuzwa, wengi watasalimika na lawama wasiyostahili.

Vinu vingi vya mahindi huzungushwa na mota za umeme geu. Katika baadhi yao, mwendo wa mota hutawaliwa na kifaa ambacho mafundi hukiita draivu. Umeme wetu wa viwandani huja kwa volti 415 na mizunguko 50 kila sekunde. Draivu huupokea, huufanya kuwa wa mwelekeo mmoja, kisha huugeuza tena kwa mizunguko inayotakiwa. Ikitoa 25 badala ya 50, mwendo wa mota hushuka kufikia kama nusu. Kifaa hiki hujua pia kujilinda. Kikiona hatari, husimamisha kazi na kuandika alama ya kosa katika kioo chake.

Mwaka mmoja, wakati wa mavuno, niliitwa Kitale kwenye kinu kilichohamishwa kutoka Bungoma. Huko kilikotoka kilisaga bila udhia. Hapa kilisimama kila adhuhuri. Mwenye kinu alikuwa na hukumu tayari.

"Fundi," aliniambia, "kijana huyu ameniulia mashine. Kesho atarudi kwao."

Kijana alisimama kando, kimya, nyusi zake nyeupe kwa unga. Mshahara wake ndio uliomlipia mdogo wake ada ya shule.

"Mzee," nilijibu, "nipe siku moja kwanza."

Kioo kilisema kuwa joto limezidi. Neno hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Anayepiga kelele kuwa nyumba inaungua hajasema nani aliyewasha moto. Nilizima umeme, nikafunga swichi kuu kwa kufuli, nikangoja. Kungoja huko si uvivu. Ndani ya draivu zimo kapasita zinazohifadhi karibu volti 590, nazo zaweza kuua mtu dakika kadhaa baada ya swichi kuzimwa. Nilipopima na kuona zimekwisha, niliitenga mota na draivu, nikaipima peke yake pamoja na waya wake. Umeme haukuvuja popote. Nilipounganisha tena na kuwasha, nyaya tatu zilileta volti sawasawa, na mota haikutumia umeme kupita kiasi kilichoandikwa ubavuni mwake.

Walibaki washitakiwa wawili: feni ya draivu na hewa yenyewe. Chujio la feni lilikuwa limezibwa na unga, na hakuna aliyepata kumwambia kijana kuwa husafishwa. Nililisafisha, lakini joto likaendelea kupanda, ingawa polepole. Ndipo nilipofungua kitabu cha draivu. Kilieleza kuwa nguvu zake kamili ni za mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari, na kila mita 100 za ziada hupunguza sehemu moja katika mia. Bungoma iko karibu mita 1,400. Kitale karibu 1,900. Hewa ya juu ni nyepesi, haichukui joto kama hewa nzito ya chini. Draivu iliyopungukiwa na sehemu 4 Bungoma ilipungukiwa na 9 Kitale, na mzigo wake ulikuwa uleule.

Tulipunguza mahindi yaliyoingia kinuni kwa mara moja, tukapanua matundu ya hewa, na draivu kubwa zaidi ikaagizwa. Kijana hakurudi kwao. Alikabidhiwa chujio alisafishe kila jioni, na mwenye kinu akaanza kumwita "mwanangu".

Enyi vijana mnaosoma, si lazima nyote muwe mafundi. Lakini kila mmoja wenu ataletewa siku moja jambo lililoharibika, na pamoja nalo mtu wa kulaumiwa. Msikatae kusikia lawama hiyo, wala msiitie sahihi. Tengeni kitu kimoja na kingine, pimeni kila kimoja peke yake, na ulizeni pia mahali penyewe pana sehemu gani katika kosa. Siku moja ya kupima haimpotezei mwenye mali kitu kikubwa, nayo yaweza kumwokolea mwingine maisha yake yote.