Apareyi ya feza kidogo na ndege wa ziwa



Watu wengi wakiona picha za ndege tulizozitundika katika nyumba ya mafundisho wanatuuliza: «Mwalimu, apareyi yako ni ya bei gani?» Tukiwatajia bei hawasadiki. Wanafikiri ya kwamba kupiga picha za nyama na ndege wa pori ni kazi ya wageni matajiri, wenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu. Sisi pia tulifikiri hivyo zamani, na mawazo yale yalitupotezea feza. Basi leo tunataka kuwaeleza ginsi tulivyokosea kwanza, na ginsi tulivyochagua baadaye, ili ninyi msilipe mara mbili kama sisi.

Tunakaa kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Moba. Nyuma yetu ni milima ya Marungu, mbele yetu ni maji. Hatuna gorila hapa. Gorila wa milimani wako mbali kaskazini, katika hifadhi ya Virunga, ile iliyotengwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika. Lakini ndege tunao. Yuko furukombe, mwenye kichwa cheupe na sauti ya kuita mbali. Yuko mdiria mweusi-mweupe, ambaye husimama hewani palepale juu ya maji, mabawa yanapigapiga, kichwa kimetulia, halafu anajitupa chini kama jiwe na kutoka na samaki.

Watoto wa mafundisho walikuwa wakiwapiga wadiria kwa manati, kwa mchezo tu, maana mdiria hana nyama ya kushibisha hata paka. Tuliwakataza. Wakaacha mbele yetu, wakaendelea nyuma yetu. Ndipo tulipowaza: mtoto anamjua ndege huyu kama alama nyeusi inayopita mbali. Tukimwonyesha jicho lake, mdomo wake na manyoya yake, labda mkono wake utalegea.

Mwaka 2018 kazi ilitupeleka Lubumbashi. Mfukoni tulikuwa na dola 260: bei ya mbuzi wawili, tena feza ya ndakala aliyouza mama wa watoto wetu muda wa miezi mingi. Sehemu ya feza hiyo ilikuwa ya masomo ya binti yetu wa kwanza. Katika butiki moja tuliona apareyi kuukuu yenye lenzi nyeupe, nene, ndefu. Macho hayana pazia. Tulijiona tayari tukipita kijijini na lenzi ile, na watu wote wakigeuza shingo. Mwuzaji alisema dola 220. Tukalipa, bila hata kuitazama ndani.

Tulipofika nyumbani, kila picha ilikuwa kama imepigwa katika moshi. Tulidhani ni ukungu wa asubuhi ziwani. Tukangoja jua kali, moshi ukabaki. Mwishowe fundi mmoja wa redio alimulika lenzi kwa tochi, akatuita tutazame. Ndani ya kioo mlikuwa na nyuzi nyembamba kama za buibui. Ilikuwa kuvu. Kuvu hiyo huota ndani ya lenzi zinazotunzwa penye unyevu na giza, na ikikaa sana inakula rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo. Bei ya kuisafisha ingepita bei tuliyolipa. Apareyi yenyewe tulimwuzia mpiga picha wa arusi kwa dola 70. Lenzi tunayo hata leo. Inazuia mlango usipigwe na upepo.

Binti yetu alikuwa mwaka wa tano wa primere. Alirudishwa nyumbani majuma matatu, mpaka tulipokopa na kulipa. Kila asubuhi aliketi mlangoni akitazama wenzake wanavyopita na madaftari. Mama yake hakutukana. Alisema neno moja tu: «Baba Anastazia, ile lenzi uliinunua kwa macho ya watu, si kwa macho yako.»

Neno hilo lilikaa ndani yetu muda wa miaka mitatu, tulipokuwa tukiweka tena feza kidogo-kidogo katika kopo. Mara hii tuliapa kujibu kwanza maulizo matatu kabla ya kutoa hata dola moja.

Ulizo la kwanza: mnyama gani? Si mnyama tunayemwota, bali yule tunayeweza kumfikia kwa miguu kila juma. Kwetu ni mdiria na furukombe.

Ulizo la pili: yuko mbali gani? Tulipima kwa hatua kutoka manyasi ya pwani mpaka vijiti ambapo mdiria hutua: karibu meta 15. Hapo yafaa kufahamu neno moja. Urefu wa lenzi hupimwa kwa milimita, lakini apareyi nyingi za bei ndogo zina sensa ndogo, maana yake kile kibao cha ndani kinachopokea picha. Sensa ndogo inakata kandokando za picha, hata mnyama anajaza nafasi zaidi. Katika Canon za namna hiyo unazidisha kwa 1.6, katika Nikon kwa 1.5. Hivi lenzi ya milimita 250 juu ya Canon ndogo inaona kama lenzi ya milimita 400 juu ya apareyi kubwa. Sensa ndogo, ambayo wengine wanaidharau, kwa mpiga picha wa ndege mwenye feza kidogo ni msaada.

Ulizo la tatu: saa gani? Lenzi yenye tundu kubwa la f/2.8 inaingiza mwanga mara 4 kuliko lenzi ya f/5.6. Ni njema sana katika msitu wenye giza, lakini lenzi ndefu ya namna hiyo ikiwa mpya bei yake hupita bei ya piki-piki. Sisi tunapiga kwenye maji wazi, chini ya jua. Kwa nini tulipe mwanga ambao Mungu anatupa bure?

Basi mwaka 2021 tulirudi Lubumbashi, tukanunua Canon 600D iliyokwisha kutumika, ya namna iliyotoka mwaka 2011, pamoja na lenzi ya milimita 55-250. Vyote pamoja vilikuwa dola 210. Mara hii tuliingia butikini na tochi. Tulimulika lenzi mbele na nyuma. Tulisikiliza kama inapotafuta shabaha inakwaruza. Tulitia kadi yetu wenyewe, tukatoka nje, tukapiga njiwa juu ya paa, tukakuza picha kwenye kioo cha nyuma mpaka tukaona jicho. Mwuzaji akachoka nasi. Mwacheni achoke, mwenye kitu kizuri haogopi tochi.

Apareyi hii si ya mbio: inapiga picha 3.7 kwa sekunde, na ndugu yake 7D ya mwaka 2009 inapiga 8. Lakini tulikuwa tumejifunza kuweka feza kwenye lenzi kwanza, na kwenye apareyi baadaye.

Kwa wenzetu wenye haja nyingine tunashauri hivi. Asiyetaka kubadilisha lenzi atafute Nikon P900 ya mwaka 2015. Lenzi yake imeshikamana nayo, inavuta mara 83, na inamwona ndege wa mbali sana. Lakini sensa yake ni ndogo mno. Jua likipungua picha zinajaa chembechembe, wala haifai msituni. Anayenunua Nikon ndogo, kama D3500 au D5600, ajue ya kwamba ndani yake hamna mota ya kuzungusha lenzi za zamani. Achague lenzi yenye mota yake mwenyewe, la sivyo atazungusha kwa mkono. Mwenye feza zaidi kidogo atazame zile lenzi za milimita 150-600 za Sigma au Tamron zilizokwisha kutumika, lakini akumbuke kwamba zina uzito wa karibu kilo 2, na mtumbwi unatikisika.

Sasa tuseme juu ya lenzi isiyouzwa butikini. Ukimkaribia ndege kutoka meta 20 mpaka meta 10, anakuwa mkubwa mara mbili katika picha, sawasawa na kama ungerefusha lenzi mara mbili. Mwaka 1892 ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, watoto wa shamba, walianza kupiga picha za viota kwa apareyi ya bei ndogo. Hawakuwa na lenzi ndefu za leo. Mwaka 1900 walitengeneza ng'ombe wa ngozi, mtupu ndani, mpiga picha akajificha tumboni mwake na kuwakaribia ndege.

Sisi hatukuhitaji ng'ombe. Tulisimamisha kibanda cha matete na wavu mbovu wa wavuvi, mbali na viota, tukakiacha siku nane wadiria wakizoee. Ndani tulikalia jiwe, apareyi ikalala juu ya mfuko wa kilo 2 za maharagwe. Mfuko huo unashika lenzi imara, na baada ya kazi unarudi jikoni.

Tulikosea pia juu ya jua. Upande wetu wa ziwa jua linatoka majini, juu ya milima ya Tanzania. Ukisimama pwani asubuhi na kutazama maji, ndege wote ni weusi kama makaa. Kwa hiyo asubuhi tunaingia katika mtumbwi na kupiga kuelekea nchi kavu. Jioni, tangu saa kumi mpaka jua lijifiche nyuma ya Marungu, tunapiga kutoka kibandani kuelekea maji. Ndege anayeruka anataka sehemu 1 kati ya 2,000 ya sekunde. Aliyetulia kijitini anakubali hata 1 kati ya 500.

Jioni ya kumi na moja tulimpata mdiria amesimama hewani, jicho linang'aa, kila unyoya unahesabika. Tulipoitundika picha ile, mtoto mmoja aliyejulikana sana kwa manati aliikaribia, akakaa kimya, halafu akauliza: «Mwalimu, ana ndevu?» Yalikuwa manyoya ya kisogoni. Siku iliyofuata aliomba kuingia kibandani. Hatusemi manati zimekwisha kijijini. Tunasema yake haijaonekana tangu hapo.

Apareyi tunaitunza katika kopo linalofungika vizuri, pamoja na vifuko vya silika vinavyotoka katika masanduku ya viatu, na mara kwa mara tunaitoa ipate hewa.

Juzi tulisikia habari za lenzi ya milimita 400 inayouzwa Kalemie. Tulimwambia mama wa watoto wetu, kwa sauti ya upole. Hakukataa. Aliendelea kuchagua mchele, akauliza: «Mnyama gani? Yuko mbali gani? Saa gani?» Tulitafuta jibu, hatukulipata. Feza iko bado katika kopo.