Kobe aliyekuja kwa bodaboda

"Kamwene, mama. Mtunze huyu siku mbili tatu tu," kijana wa bodaboda alisema, akimshusha kobe aliyemwokota barabarani. Gamba lilikuwa limepasuka ukingoni. Kihesa, Iringa, mama huyo anajulikana kwa huruma, na hakuweza kukataa.

Watoto wakampa ugali, mkate na maziwa. Wema mtupu, lakini si chakula chake. Kobe wa nchi kavu hula nyasi na majani, na gamba lake huhitaji madini ya kalsiamu na jua. Mwezi wa Juni baridi ya Iringa ilipokaza alijikunyata tu, kwani kobe asipoota jua hana nguvu hata ya kula. Mama akawa anamtoa uani kila jua lilipopanda. Sabuni ikawekwa bombani: kobe hubeba vijidudu vya salmonela, na watoto wa chini ya miaka 5 ndio huumwa zaidi.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia binti yake wa miaka 9 kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumweka nyumbani mnyama wa porini bila kibali.

"Kwa hiyo watamchukua?"

"Tutampeleka sisi wenyewe, mwanangu."

Binti alinuna, akalala bila kula. Hakuna mzazi wa kumlaumu. Asubuhi alichuma mchunga uani, akautandika kwenye boksi la kobe, kisha akauliza ofisi ya wanyamapori hufunguliwa saa ngapi.