Wosia kwa Wajukuu: Mali ya Nchi na Bunge Lake

Wajukuu wangu wapenzi,

Umri umekwenda, na sitaki kuondoka na neno hili kifuani. Lifuatilieni Bunge la Taifa la Kenya mwaka mzima, maana ndilo lililokabidhiwa hazina yenu.

Katiba ya 2010 iliturejeshea Seneti, iliyovunjwa mwaka 1966, ikaipa jukumu la kutetea kaunti. Lakini mswada wa fedha hauanzii huko. Huanzia Bunge la Taifa pekee, kwa wabunge 290 wa maeneobunge, wawakilishi wanawake 47 wa kaunti na wateule 12. Hao ndio huamua mtozwe kodi gani na serikali ya kitaifa itumie pesa kwa lipi. Hata Rais akivunja Katiba, hoja ya kumwondoa huanzia kwao, kisha Seneti ikasikiliza mashtaka.

Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Vijana walifurika barabarani kuupinga, na wengine hawakurudi makwao. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Ujasiri wenu nauheshimu, na waliouawa ningali nawalilia. Kwa ajili yao nawausia: msingoje Juni.

Makadirio ya bajeti hufika bungeni kabla ya Aprili kwisha, na kamati husika inapaswa kusikiliza wananchi. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimu Bunge kushirikisha umma. Cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia ombi. Nendeni mapema, mkitaja kipengele mnachokipinga na sababu zake. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zisomeni, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Msimpime mbunge kwa mchango wake wa harambee. Hakutumwa kugawa noti matangani; alitumwa kulinda kodi ya mama anayeuza mboga. Muulizeni alipigaje kura, na kwa nini.

Na atakayechaguliwa miongoni mwenu, namwachia sharti moja: asiseme “ndiyo” kwa mswada ambao hajausoma, hata chama kikimshurutisha. Akishindwa kuwaeleza waliomchagua sababu ya kura yake, basi asiipige.

Mungu awalinde, awape subira ya kusoma na moyo wa kuuliza.

Babu yenu