Sikio Kwanza, Karatasi Baadaye

Maisha yangu ya kazi yamekuwa ya kufundisha selo Kitale na Bungoma, kwa wanafunzi wa kila rika: watoto wa shule ya msingi wanaoanzia selo ndogo, vijana wa sekondari, walimu, na wazee waliostaafu utumishi wa serikali. Kazi hii imenithibitishia jambo moja: nyuzi hazimkatai mtu kwa sababu ya umri wake. Kinachomfungia mlango mwanafunzi ni mafunzo yanayotanguliza karatasi ya noti kabla ya sikio. Selo haina vigawanyo vya chuma shingoni kama gitaa. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti inapotoka, na ni sikio pekee litakalomjulisha mchezaji. Asiyeisikia tofauti hiyo hataipata kwa kuisoma.

Ushahidi wangu uko Bungoma kwenyewe. Wabukusu wana siiriri, fidla ya uzi mmoja inayochezwa kwa upinde, nayo vilevile haina alama ya kuonyesha mahali pa vidole. Mpigaji huugusa uzi bila kuukandamiza kwenye mti, na sikio lake ndilo linaloamua. Kama lilivyo litungu, kinubi chao, siiriri imerithishwa bila karatasi: anayejifunza huketi kando ya mpigaji, husikiliza, huiga, na husahihishwa papo hapo. Mtu aliyekua akiisikia kwenye sherehe huja darasani akijua tayari sauti ya upinde unaokwaruza na ya upinde unaoimba. Ndiyo maana wazee wengi niliowafundisha hupata sauti safi mapema kuliko vijana waliozoea kinanda cha umeme, ambacho humpa kila mtu noti iliyokwisha kutengenezwa.

Wanaopinga huniambia samaki hukunjwa angali mbichi. Sikatai kwamba vidole vya mtoto huzoea kasi upesi. Lakini upinde wa selo hauanzi na kasi. Unataka uzito wa mkono ushuke juu ya uzi kwa utulivu, na mtu mzima akielezwa huelewa sababu yake, akajirekebisha mwenyewe hata mwalimu asipokuwapo. Wengine huuliza kuhusu mtihani: bila noti, kijana atafauluje? Muziki katika KCSE hupima uchezaji, usikivu na nadharia, kwa hiyo anayeanza na sikio hajauacha mtihani. Noti lazima zifundishwe, nami huzifundisha, ila baada ya mwanafunzi kuweza kuimba na kupiga kile anachokisoma. Hapo alama humkumbusha sauti anayoijua. Akianza na alama, hukariri mahali pa kuweka vidole, na wimbo ukibadilishwa ufunguo hupotea.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba selo ni ghali na ngeni, na mti wake husumbuliwa na hewa kavu ya Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako miezi ya Desemba hadi Februari hulegeza vigingi vya kukazia nyuzi. Kwa nini basi tusibaki na siiriri? Jibu langu ni kwamba hatulazimiki kuchagua. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huzipa nafasi ala za kiasili na za Magharibi pia. Tena, ujio wa ala ngeni hauhitajiki ili sanaa ya kwetu idhoofike. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wajuzi wake wengi ni wazee wasio na warithi wa kutosha. Hatari iko pale kijana anapokosa mtu wa kuketi kando yake.

Kwa hiyo naziomba shule za Bungoma na Trans Nzoia ziwaajiri wapigaji wa siiriri, hata wasio na vyeti, wafundishe pamoja na walimu wa muziki waliosomea kazi hiyo. Mtaala wa Umilisi umekwisha kuipa sanaa nafasi darasani. Mtoto atakayeanza na uzi mmoja atazikuta nyuzi nne za selo akiwa na sikio lililo tayari, na babu yake akitaka kuanza pamoja naye, nitawapokea wote wawili katika somo moja.